Ini la Shemasi Nyaboke

Nyaboke hakuwahi kuonja pombe. Tuliseme hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu watu wa Magwagwa walilisahau haraka mno. Hakuonja busaa wala chang'aa, na hata siku ya harusi yake alikunywa soda moja akagawana na dada yake.

Yeye na mumewe, Mokua, walikuwa Wasabato wa kweli. Walilima majani chai kwenye mteremko nyuma ya nyumba, lakini chai yenyewe, kwa imani yao, hawakuinywa. Asubuhi walikunywa uji wa wimbi. Kisha Nyaboke alijitwika kikapu akaenda kuchuma majani, na siku za soko aliuza ndizi pale Magwagwa. Wanunuzi walimwamini. Alikuwa akiibonyeza ndizi kwa kidole gumba mara moja tu, akasema, "Hii ni ya leo, hii ni ya kesho kutwa," na ikawa hivyo.

Kanisani Nyaboke alikuwa shemasi. Siku ya Meza ya Bwana ilipokaribia, ndiye aliyeoka mkate usiotiwa chachu. Ndiye aliyepanga mabeseni na taulo pia. Wasabato huoshana miguu kabla ya kula mkate huo. Wanaume huwa upande wao na wanawake upande wao, wawili wawili. Kila mara Nyaboke alioshana na Phanice, shemasi mwenzake. Phanice alikuwa rafiki mwema, ila mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku moja wahudumu wa afya walikuja kanisani kuomba damu ya kuwasaidia wagonjwa. Nyaboke akawa wa kwanza kukunja mkono wa gauni. Baada ya muda alipigiwa simu aende kituo cha afya. Huko akaambiwa damu yake haitatumika, kwa sababu ina virusi vya homa ya ini aina ya B.

"Lakini mimi siumwi popote," Nyaboke alisema.

"Wengi hawaumwi," alijibiwa. "Ini hunyamaza kwa miaka mingi huku likiharibika. Nenda hospitali kubwa mjini Kisii, kwenye kliniki ya ini. Wana mashine ya kupima kama ini lako bado ni laini au limeanza kuwa gumu. Siku ya kupimwa usile kitu asubuhi."

Nyaboke alirudi nyumbani. Alimweleza Mokua kila kitu. Mokua alimwita kaka yake mkubwa, Sylvanus, ambaye alikuwa mzee wa kanisa lao.

Sylvanus alifika na kofia yake ya kahawia, akaketi, akasikiliza. Halafu akatikisa kichwa.

"Mama Valentine," alisema, akimwita kwa jina la bintiye, "ugonjwa ya ini ni ya walevi. Kila mtu hapa anajua hivyo."

"Mimi si mlevi, shemeji. Wewe unanijua."

"Mimi najua. Lakini ukikaa kwa hiyo benchi yao kule kliniki, nani mwingine atajua? Watasema shemasi wetu hunywa kwa kujificha. Na Meza ya Bwana iko karibu. Fikiria jina la kanisa."

"Shemeji, kanisa haina ini," Nyaboke alisema. "Mwenye ini ni mimi."

Mokua alikohoa na kutazama chini. Ukimya wa mumewe ulimuuma Nyaboke kuliko maneno ya shemeji.

"Mimi sijakataa utibiwe," Sylvanus alisema kwa upole. "Kuna mtu kule Ogembo ana dawa ya miti. Inaosha ini kabisa. Nitakuletea, na hakuna mtu atajua."

Dawa ilikuja kwenye mtungi wa plastiki. Ilikuwa nyeusi na chungu kama nyongo. Nyaboke alikunywa kikombe kimoja akatapika uji wote. Kesho yake alijaribu tena, akatapika tena. Alilala kitandani akajibonyeza tumbo kwa kidole gumba, kama anavyobonyeza ndizi. Lilikuwa laini. Akajiambia kwamba basi hata ini ni laini, na hana haja ya kwenda popote.

Lakini moyo haukutulia. Kidole chake kilijua ndizi, si kilichofichwa nyuma ya mbavu. Alimfikiria Valentine, aliyekuwa kidato cha tatu. Alimfikiria mdogo wa Valentine, Ogari, ambaye bado alivaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto. Nani angewalea kama yeye angekufa kwa ajili ya kulinda jina la kanisa? Hasira ilimpanda. Alitoka nje na mtungi, akamwaga dawa yote kwenye shina la mgomba.

"Huo mgomba ukikauka, usiniulize," alimwambia Mokua. "Mimi naenda Kisii."

Siku ya safari alijifunga mtandio mkubwa uliomfunika mpaka kwenye nyusi. Alikuwa na ujasiri wa kwenda, lakini bado hakuwa na ujasiri wa kuonekana. Njia ya kwenda barabarani ilipita mbele ya jiko la mama mkwe wake, Bonareri. Bikizee huyo hakuruhusu mtu yeyote wa boma lake asafiri na njaa.

"Unaenda wapi kama mtu anakimbia deni?" Bonareri aliuliza. "Ingia ukule."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini asubuhi hii? Ingia."

Nyaboke alikumbuka maneno ya kituo cha afya. Lakini kukataa chakula cha mama mkwe ni kumtukana mchana kweupe, na kueleza sababu ilikuwa kufungua siri yote. Obokima lilikuwa tayari mezani, ugali wa wimbi unaotoa mvuke, na pembeni mboga za chinsaga zilizochemshwa na maziwa. Akaketi akala. Bonareri alimtazama mpaka sahani ikawa safi.

Hospitalini, kliniki ya ini ilikuwa kwenye ushoroba ambao kila mtu alipita. Kibao chake kilikuwa kikubwa kana kwamba kimeandikwa ili kisomwe kutoka ng'ambo ya barabara. Nyaboke aliketi kwenye benchi, karibu na mwanamume mwembamba mwenye macho ya manjano. Mtu huyo alinuka chang'aa. Nyaboke alisogea pembeni na kuvuta mtandio.

Muuguzi alitoka na kuita jina lake. Alikuwa msichana wa Kisomali aliyezaliwa hapo hapo mjini, mwenye hijabu ya bluu. Jina lake lilikuwa Istarlin.

"Mama, bwakire buya," alimwamkia kwa Kigusii safi, na Nyaboke akashangaa. "Umekula chochote leo?"

"Kidogo."

"Kidogo ni nini?"

"Obokima."

Istarlin alicheka. "Mama, hakuna obokima kidogo. Mimi nimekulia hapa."

"Mama mkwe alinilazimisha."

"Najua. Wagonjwa wangu wengi hulishwa na mama mkwe. Sasa sikiliza. Mtu akila, damu nyingi hukimbilia ini. Ini hujaa, na mashine huona kama ni gumu kuliko lilivyo. Nikikupima sasa nitakupa namba ya uongo. Itabidi ungoje hapa masaa matatu, au urudi siku nyingine."

Masaa matatu kwenye benchi hiyo, chini ya kibao hicho. Nyaboke alitazama mlango wa kutokea. Angeweza kuondoka, na hakuna ambaye angejua kwamba alikuja.

"Dada," aliuliza kwa sauti ya chini, "hii si kliniki ya walevi?"

Istarlin aliketi kando yake.

"Pombe huharibu ini, ni kweli. Lakini kuna njia nyingi za kuharibika. Mimi ni Mwislamu, mama. Baba yangu, Aden, aliuza nguo hapa mjini maisha yake yote na hakuwahi kugusa pombe. Virusi kama vyako vilikula ini lake kimya kimya. Tuliona aibu kumleta hospitali. Tulijiuliza, watu watasema nini? Tulipomleta, tumbo lilikuwa limejaa maji. Hakukaa sana."

"Pole sana."

"Asante. Kwa hiyo mimi sitaki tena kusikia habari ya watu watasema nini. Watu husema hata ukifa."

Muuguzi alirudi kazini. Nyaboke alibaki na maneno hayo. Alimtazama jirani yake mwenye macho ya manjano, akaona anaikunja na kuikunjua kadi yake ya hospitali. Yeye naye alikuwa na ini na hofu, na huenda alikuwa na watoto. Nyaboke aliona haya kwa jinsi alivyosogea mbali naye. Akarudi karibu.

"Habari ya asubuhi, baba," alisema.

"Mzuri, mama," mtu yule alijibu, kama ambaye hajasalimiwa siku nyingi.

Wakati huohuo sauti iliyozoeleka ilisikika ushorobani. Alikuwa Phanice. Alikuwa amekuja kumtazama mgonjwa wa wodini, na sasa alikuwa akitembea huku akisoma vibao kimoja kimoja. Nyaboke aliinamisha uso. Mtandio ungemwokoa. Phanice alikuwa hatua chache tu kutoka kwake.

Hapo kitu ndani ya Nyaboke kikakataa. Alichoka kujificha kana kwamba ameiba. Aliufungua mtandio, akaukunja vizuri, akauweka mapajani.

"Phanice, mimi niko hapa," alisema kwa sauti iliyofika mwisho wa benchi. "Nimekuja kupimwa ini. Usiende kusema umeniona nimejificha, kwa sababu sijajificha."

Phanice alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza haukutoa kitu. Alisimama kidogo, akasalimia kwa kichwa, akaondoka haraka.

Muda ulipotimia, Istarlin alimwingiza Nyaboke chumbani. Alimlaza chali na kumwambia aweke mkono wa kulia nyuma ya kichwa. Alimpaka mafuta mazito ya baridi kwenye mbavu za kulia.

"Itauma?" Nyaboke aliuliza.

"Hapana. Hakuna sindano wala kukatwa. Nionyeshe kiganja chako. Hilo kovu ni la nini?"

"Ni kisu ya kupogoa majani chai."

"Lishike. Likoje ukilinganisha na ngozi ya kando?"

"Ni gumu."

"Ndiyo hivyo. Virusi vikijeruhi ini, ini hujiponya kwa kuweka kovu. Likijeruhiwa tena, huweka lingine. Makovu yakiwa mengi, ini lote huwa gumu na kazi hulishinda. Mwishowe linaweza kuota hata saratani. Kwa kidole hatuwezi kulifikia, liko nyuma ya mbavu. Mashine hii itakugonga taratibu. Mtikisiko utaingia mpaka kwenye ini. Ini likiwa laini, mtikisiko huenda polepole. Likiwa gumu, hukimbia. Mashine inapima mbio hizo."

Aliweka kifaa chenye umbo la kurunzi katikati ya mbavu mbili. Kilimgonga Nyaboke kidogo, kama mtoto anayekugusa kwa kidole ili umtazame. Kikagonga tena na tena. Namba ziliruka kwenye skrini. Mambo yaliisha kabla hajamaliza kusali.

Daktari alisoma namba hizo pamoja na majibu ya damu.

"Ini lako limeanza kuwa gumu," alisema. "Makovu yapo, lakini halijafika pabaya. Umekuja wakati mzuri. Utakunywa kidonge kimoja kila siku. Hakiviui virusi vyote, lakini huvilaza, na ini hupata nafasi ya kulainika. Usikiache mpaka tukwambie, hata ukijisikia mzima. Dawa ya miti achana nayo. Nyingine humaliza ini lenyewe."

"Na watu wa nyumbani? Nitawaambukiza nikiwapikia?"

"Hapana. Virusi hivi haviambukizi kwa chakula, wala kwa sahani, wala kwa kusalimiana. Hupita kwenye damu, kwenye tendo la ndoa, na mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kuzaa. Msitumie wembe mmoja wala mswaki mmoja. Ukijikata, funika kidonda. Lete mume na watoto wapimwe. Asiye na virusi atapewa chanjo."

"Na kuoshana miguu kanisani?"

Daktari alitabasamu. "Kama hakuna kidonda, osheni mpaka mchoke."

Nyaboke alipofika nyumbani, habari zilikuwa zimeshafika. Mokua alimngoja mlangoni, uso umemwiva kwa aibu.

"Phanice ameambia kijiji yote," alisema.

"Phanice amesema nilichomwambia. Baba Valentine, nataka unisikilize. Nina ini lenye makovu, na nina dawa yake. Siku ile kaka yako aliongea, na wewe ukatazama chini. Sitaki utazame chini tena. Jumatatu tunaenda sote, wewe na mimi na watoto. Ukiona aibu, nitawapeleka watoto peke yangu."

Mokua alimpokea mfuko aliokuwa nao mkononi.

"Tutaenda sote," alisema. "Nilikosea, mama Valentine. Niliogopa watu kuliko nilivyokuogopea wewe."

Walikwenda. Mokua hakuwa na virusi, akaanza kupewa chanjo. Watoto walikuwa wazima, kwa kuwa walichanjwa wakiwa wachanga. Nyaboke alilia kwa furaha pale pale kliniki, na Istarlin akamletea kitambaa.

Sylvanus hakufurahi. Alikuja siku mbili kabla ya Meza ya Bwana.

"Pumzika kwanza," alisema. "Phanice ataoka mkate."

"Mkate nitaoka mimi, shemeji."

"Na nani atakula?"

"Hiyo tutaona kanisani."

Sabato hiyo wanawake walikusanyika kwenye chumba chao cha kuoshana miguu. Wawili wawili waliketi. Nyaboke alisimama na beseni lake, taulo begani, maji ya uvuguvugu yakifuka. Hakuna aliyemjia. Phanice alikuwa ameketi na mwanamke mwingine, macho sakafuni. Maji yalianza kupoa. Nyaboke hakuliweka beseni chini.

"Mama zangu na dada zangu," alisema. "Mmesikia habari yangu, sasa isikieni kwangu. Nina homa ya ini ya B. Haipiti kwa maji ya beseni, wala kwa mkate. Sikunywa pombe. Na hata kama ningekuwa nakunywa, bado ningekuwa mtu, na bado ningestahili kutibiwa. Kuna baba nilikaa naye kwa hiyo benchi, yeye hunywa, na ini lake linamuuma. Nitakaa naye tena. Anayetaka kuniosha, aje. Asiyetaka, nitajiosha mwenyewe, lakini kwa hii chumba sitoki."

Kiti kilikwaruza sakafu. Bonareri, mama mkwe, alisimama kwa shida akishika fimbo yake.

"Wewe," alisema, "Mokua ameniambia ulijua hutakiwi kula, na ukakula obokima yangu ndio nisiaibike?"

"Ndiyo, mama."

"Ukakaa masaa yote hayo kwa benchi sababu yangu?"

"Ndiyo."

"Leta hiyo maji kabla haijapoa kabisa." Bikizee alivua viatu. "Na ukimaliza ni zamu yako. Magoti yangu ni mabaya, kwa hivyo mtu anisaidie kuinama."

Aliyekwenda kumsaidia alikuwa Phanice. Alipiga magoti kando ya beseni, akamshikilia Bonareri mkono, na machozi yake yakaanguka kwenye maji. Hakusema lolote, jambo ambalo kwa Phanice lilikuwa toba kubwa. Siku hiyo mkate wa Nyaboke uliliwa wote.

Mwaka ulipita. Nyaboke alikunywa kidonge chake kila siku baada ya uji. Aliwahimiza jirani zake wakapimwe damu, na wengi walikwenda. Sylvanus peke yake ndiye aliyesema hana haja.

Alipoitwa kupimwa tena, Nyaboke alipita mbele ya jiko la Bonareri akiwa na chupa ya maji tu. Bikizee alimpungia mkono.

"Leo sikupi kitu," alisema. "Nenda na njaa yako."

Istarlin alimgonga tena mbavuni kwa kile kifaa, akatazama namba, akazitazama mara ya pili. Kisha akamgeuzia skrini.

"Limelainika, mama," alisema. "Mtikisiko unatembea polepole. Endelea na dawa."

Nyaboke alitoka chumbani akijisikia mwepesi. Kwenye benchi, chini ya kile kibao kikubwa, aliketi mwanamume mwenye kofia ya kahawia iliyovutwa mpaka kwenye nyusi. Nyaboke aliijua kofia hiyo.

"Shemeji?"

Sylvanus hakuinua kichwa. "Nilipima damu wiki jana," alinong'ona. "Ninayo kama wewe. Tafadhali nenda. Usiseme uliniona."

Istarlin alitokeza mlangoni. "Mzee Sylvanus, umekula chochote leo?"

Sylvanus aliivuta kofia chini zaidi. "Kidogo," alisema. "Kwa mama."

Nyaboke alicheka mpaka akajishika mbavu, hizo hizo za kulia. Kisha akaketi benchini, bega kwa bega na shemeji yake.

"Ni masaa matatu," alimwambia. "Nitakungoja. Lakini vua hiyo kofia."

Watu walikuwa wakipita. Sylvanus alitazama kushoto, akatazama kulia. Halafu akaivua, akaiweka mapajani, akasalimia kila aliyepita.